Kisu cha Kitambaa Cheupe

Resto ile, mkahawa wa kando ya njia, haikuwa na ubao wala jina. Ukiwa njiani kutoka Kasongo kwenda upande wa Kabambare, uliitambua kwa kuku. Walikuwa wengi mno kwa nyumba moja, wakichakura mpaka katikati ya barabara, na wenye pikipiki walijifunza kupunguza mwendo hapo. Ukishapunguza mwendo, harufu ya mawese ilikufikia, na harufu ikishakufikia ulikuwa umekwisha shuka.

Nieleze kwanza jinsi pale palivyofanya kazi, kwa sababu bila hilo yaliyotokea hayaeleweki. Hapakuwa na chungu kinachongoja mgeni. Mwenye resto alikuwa mjane wa umri kama wangu, Mkristo, wa kabila la Wazimba la pale pale, na alipika tu kilichoota au kilichotembea nyuma ya nyumba yake. Ulishuka, ukanawa vumbi usoni, kisha mkaingia shambani pamoja. Ulionyesha kwa kidole: lengalenga zile, mchicha wetu, nyanya chungu zile, yule jogoo mwekundu. Mchele ulikuwa wa mteremkoni kwake, umetwangwa asubuhi hiyo hiyo, na mawese ni ya michikichi mitano iliyopandwa na marehemu mume wake. Nimekula Kindu kwenye meza zenye vitambaa, sikuona mtu akinionyesha chakula changu kikiwa bado na mizizi.

Sasa kisu. Nusu ya wasafiri wa njia ile ni Waislamu wa Kasongo na Nyangwe, watu wa kwetu, na hawali nyama isiyochinjwa na Mwislamu. Kwa hiyo Wakristo wa eneo letu wana desturi ya tangu zamani: anayepika kwa ajili ya watu wote humwita Mwislamu achinje. Hata kwenye harusi ya kanisani utamkuta mzee mwenye kofia ameinamia mbuzi, ili sufuria iwe moja. Hakuna anayechukia. Mchinjaji hupewa shingo na firigisi. Yule mjane alikuwa na kisu kisichokata kitu kingine chochote, amekifunga kwa kitambaa cheupe na kukichomeka juu kwenye nyasi za paa. Kila asubuhi mzee mmoja fundi cherehani, Mwislamu wa kitongoji cha jirani, alikuja akakishusha, akachinja, akapokea firigisi zake kwenye jani la mgomba na kurudi kwenye cherehani yake.

Firigisi, kwetu, ni ya mwanaume. Mtoto wa kike akiidokoa chunguni hupigwa. Mimi mwenyewe nilipigwa kwa ajili ya nusu ya firigisi nikiwa na miaka saba, na hadi leo nakumbuka ladha yake kuliko fimbo.

Mimi ni mwalimu. Miaka ile nilitumwa kila baada ya majuma mawili kuwasaidia walimu wapya wa shule za upande wa Kabambare, vijana waliotetemeka mbele ya ubao. Nilikaa nyuma ya darasa, kisha nikawaambia: usiogope, ni rahisi, tazama. Lilikuwa neno langu la kazi. Kwenda nilikula kwa mjane, kurudi nilikula kwa mjane, na kati ya safari hizo akanisimulia taabu yake.

Shamba halikuwa lake. Lilikuwa la ukoo wa mume. Baada ya matanga shemeji zake walikaa kikao, wakampa kiangazi kimoja: resto ikisimama, ikapata wateja wa kudumu, ataachiwa shamba, ikishindwa, arudi kwao mikono mitupu, kwa kuwa hakumzalia marehemu mtoto. Kaka mkubwa wa marehemu alijipa kazi ya ukaguzi. Alikuja kila siku na kibuyu chake cha pombe ya mchikichi, akaketi kwenye gogo pembeni mwa lengalenga, akitazama nani anashuka na nani anapita. Hakuwahi kusaidia hata kufukuza mbuzi. Siku pikipiki zilipopita bila kusimama alisema kwa sauti ya upole, "Shemeji, leo njia ina haraka."

Siku ninayoisimulia nilifika kama saa nne asubuhi, kiangazi kikielekea mwisho. Mjane alikuwa amefunga kuku watatu kwa miguu, naye amesimama juu yao kama mtu aliyepoteza kitu. Alinieleza bila hata kunikaribisha kiti. Wanunuzi wa dhahabu wa Kasongo, wanaume sita waendao Salamabila kila juma, walikuwa wametuma habari: saa sita watakula kwake, wapikiwe kuku. Wakiridhika watafanya hapo kituo chao, kwenda na kurudi. Hao walikuwa kiangazi chake chote. Kila mtu wa njia ile alikula walipokula wale. Na mzee wa cherehani alikuwa ameitwa alfajiri kwenye kilio, ng'ambo ya mto, asingerudi kabla ya kesho.

Mwendesha pikipiki wangu alikuwa Mkatoliki. Tulingoja barabarani Mwislamu apite. Wakapita vijana watatu wakisukuma baiskeli zenye bidoni za mawese. Tukawauliza, wote walikuwa watu wa kanisa, na mmoja akasema kwa mzaha kwamba kama ni haraka anaweza kusilimu sasa hivi. Jua likapanda.

Mjane ndiye aliyetoa njia ya kwanza, na ilikuwa njia nzuri. Alikuwa na samaki wakavu wa kutoka Nyangwe. Samaki hana haja ya mchinjaji.

"Nitawapatia samaki," alisema. "Nitasema kuku walikata kamba, wakakimbia."

Nilicheka. Nilimwambia, kwa wema kabisa, kwamba mtu haanzi biashara kwa kuwanyima wageni kile walichoagiza. Kisha nikamwambia kwamba mimi nitachinja.

Alinitazama mikono. "Mwalimu, kwenu wanawake wanachinjaka?"

Nikamweleza. Nilimweleza kama ninavyoeleza hesabu za kugawanya, hatua kwa hatua. Kwamba sheria yetu haimkatazi mwanamke. Kwamba kinachotakiwa ni jina la Mungu, kisu kikali na mahali pa kukata. Kwamba haya nimesomeshwa na marehemu baba, aliyefundisha chuo cha Kurani kwa miaka mingi. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Ila yeye aliniuliza juu ya watu, nami nikamjibu juu ya kitabu. Niliona shaka haijamtoka, nikamshika bega.

"Usiogope," nikasema. "Ni rahisi. Tazama."

Sikuwa nimechinja kitu maishani mwangu. Wa kwanza nilimkata mapema mno. Mkono ulisita, nikakata tena, akaniponyoka na kukimbia na shingo imefunguka nusu kupita katikati ya nyanya chungu, akizirushia damu, mpaka akaanguka karibu na gogo la shemeji. Yule bwana aliinua miguu yake ili asichafuke, akaendelea kunywa. Nilimfuata kuku, nikamaliza kazi. Wa pili na wa tatu walikwenda sawa. Mjane aliosha kisu, akakifunga kitambaa, akakirudisha kwenye paa. Nikampongeza kwa jinsi alivyowashika miguu.

Wageni walifika saa sita kasorobo, pikipiki tatu, wamevaa miwani ya vumbi. Mkubwa wao alikuwa mnene, mpole, mwenye kofia iliyoshonwa vizuri, mtu ambaye wenzake walinyamaza alipovuta pumzi. Walikuwa wachangamfu. Waliuliza kama kiti cha plastiki kimepimwa na wahandisi kabla ya mkubwa wao kukikalia. Mmoja aliangalia paa la nyasi, akasema humu hata mvua italazimika kuomba ruhusa ya kutoka. Mjane alicheka pamoja nao, akiwamwagia maji mikononi mmoja mmoja.

Kisha wakala. Nataka niwe mwaminifu juu ya chakula kile, maana hakuna aliyekitendea haki. Kuku alikuwa amepikwa kwa mawese mapya na nyanya chungu, mchuzi mzito wa rangi ya jua la jioni. Wali mwekundu wa mteremkoni, wenye harufu ya kinu. Sombe, kisamvu chetu, iliyotwangwa mpaka ikawa laini kama siagi. Waliacha kuzungumza. Kwa wanaume wale hiyo ndiyo ilikuwa sifa. Baada ya muda mkubwa wao aliwageukia waendesha pikipiki wao waliokaa kando, akawaambia mujue, kuanzia leo ni hapa, kwenda na kurudi. Alilisema bila kuinua kichwa kutoka kwenye sahani. Mjane alikuwa amebeba jagi la maji. Aliliweka chini polepole, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Shemeji, kwenye gogo, aliacha kunywa.

Mimi nilikuwa mezani pembeni, na mjane, katika furaha yake, alikuwa amenihudumia. Alikuwa mwanamke wa haki. Mzee wa cherehani hakuwahi kukosa hata siku moja kilicho chake, na mchinjaji wa leo asingekosa. Aliniletea sahani yenye shingo tatu na, juu yake, zimepangwa vizuri, firigisi tatu.

Mkubwa wao aliziona.

Alianza kwa mzaha. "Mama mwalimu, firigisi tatu? Na bwana yako unamubakishia nini, manyoya?"

Wote wakacheka, hata mimi. Kisha kicheko chake kikaisha kabla ya cha wenzake, nikaona anahesabu: kuku watatu, firigisi tatu, mwanamke mmoja. Akamgeukia mjane, bado kwa adabu, akauliza mchinjaji yuko wapi wamsalimu.

"Mzee alichinja asubuhi mapema, papa," alisema mjane. "Kisha akaenda ku kilio. Firigisi zake nikamupatia mwalimu, ni mugeni wangu."

Lilikuwa jibu zuri. Halikuwa na tundu. Mzee kweli alikuwa kwenye kilio, kila mtu wa njia ile angethibitisha, na yeye mwenyewe, ninavyomjua, angekubali alichinja ili kumlinda. Mjane aliposema hivyo alinitazama mimi, mara moja tu. Sikuhitaji kufanya lolote. Nilihitaji kutafuna.

Siwezi kusema kwamba nilikuwa na hofu ya Mungu. Nimelifikiria sana jambo hili, na naona kwamba nilichokuwa nacho ni mazoea. Nilisikia kosa darasani. Niliona watu sita wasiojua jambo ambalo mimi nalijua, na niliona nafasi nzuri ya kulieleza. Nilimhurumia hata mjane, kwamba anaona haya kwa kitu kisicho na haya.

"Hapana, dada, usiogope kusema," nikamwambia, nikitabasamu. Nikawageukia wageni. "Niliyechinja ni mimi. Na ni halali kabisa, ngojeni niwaeleze."

Nikaeleza. Nilieleza kwa dakika nyingi, naamini kwa uzuri. Hakuna aliyenikatiza. Mmoja wao aliondoka taratibu nyuma ya kinu, akatia kidole kooni, tukamsikia. Mwingine alisukuma sahani yake mpaka ukingoni mwa meza kwa ncha ya kijiko. Nilipofika kwenye maneno ya marehemu baba, mkubwa wao alikuwa amekwisha nawa mikono.

"Leo ulikuwa safi?" aliniuliza.

Mbele ya wanaume kumi na mwendesha pikipiki wangu, mwanamke wa umri wangu. Nikajibu kwamba hata hilo si sharti la kuchinja, na nikaanza kueleza kwa nini.

"Sikuulizi sheria, mama. Nakuuliza weye."

Waendesha pikipiki wakacheka chini chini, na yule aliyetapika, akirudi huku akijifuta mdomo, akasema labda walimu hawana siku hizo, wana likizo tu. Hapo wakacheka kweli kweli. Nilijua kicheko kile kitanitangulia Kasongo, na kilinitangulia. Hata leo, nikinunua kuku sokoni, kuna mwuzaji anayeniuliza kama nitachinja mwenyewe au anisaidie.

Lakini mkubwa wao hakuwa akicheka. Alikuwa akimtazama mjane, bila ukali, karibu kwa masikitiko.

"Mama, kuku wa mwanamuke, pengine tungeuliza kwa shehe, tungekusamehe," alisema. "Lakini ulinitazama kwa macho ukaniambia mzee. Mutu wa kunidanganya juu ya nyama, nitakula kwake tena nini? Maji?"

Mmoja wa vijana wake akatupa neno lile la zamani, ambalo babu zetu waliwaitia watu wa mashambani wasiokuwa Waislamu, neno ambalo shuleni namwadhibu mtoto akilitumia. Alilitupa kama mtu anayetema kokwa. Mkubwa wao hakumkemea. Nami sikumkemea. Mjane alikuwa ameshika birika la kunawia, akanyoosha mkono ili amwagie maji aliyekuwa hajanawa. Yule akajinawia kwa maji ya chupa yake mwenyewe. Wakavaa miwani. Pikipiki tatu zikawaka kwa pamoja, kuku waliobaki wakatawanyika, vumbi likaingia kwenye sahani.

Shemeji alisimama kwenye gogo, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Shemeji," alisema, "wageni wako wameshiba haraka."

Nilitegemea mjane alie, na nilikuwa nimekwisha tayarisha la kumwambia. Hakulia. Alipita meza kwa meza na sinia kubwa, akikusanya: paja lililotafunwa nusu, mbawa, mgongo, kidari ambacho mkubwa wao alikuwa amekiweka kando ili akifaidi mwisho. Alikung'uta vumbi kwa vidole. Akaleta na kilichobaki kwenye sufuria. Akaliweka sinia mbele yangu, kando ya sahani yangu ya shingo na firigisi, akavuta kiti cha plastiki ambacho mkubwa wao alikuwa amekikalia, akaketi, magoti yetu yakikaribia kugusana.

"Kula, mwalimu," alisema.

Nikasema nimeshiba.

"Ni halali," alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na niliifahamu, ilikuwa yangu. "Umetueleza vizuri. Jina la Mungu ulitaja, nilikusikia. Kisu kilikuwa kikali. Mahali pa kukata, ulikosa mara moja tu. Anza na paja."

Nikachukua paja.

Nilikula. Mafuta yalikuwa yameanza kuganda na mchanga ulilia kati ya meno. Mwendesha pikipiki wangu alikwenda kushughulikia tairi lisilokuwa na ugonjwa. Kila nilipopunguza mwendo, mjane aligeuza sinia kidogo ili kipande kingine kiwe upande wangu, jinsi mama anavyomfanyia mtoto aliyetoka homa. Hakunitukana. Alinieleza. Alinieleza ni kuku gani aliyetaga sana, na ni yupi aliyetoka kwa yai la kuku wa marehemu; alinionyesha kwamba shingo ile, yenye alama mbili za kisu, ni ya yule aliyekimbia. Alitaka nimtambue. Nilimtambua.

Nyuma yake, shemeji alikuwa ameingia shambani. Alikata kijiti kwenye mhogo, akakichonga, kisha akatembea hatua ndefu kutoka gogo mpaka mchikichi wa kwanza, akikanyaga lengalenga, na mdomo wake ulikuwa ukihesabu. Akachomeka kijiti. Akakata kingine. Mjane hakugeuka, lakini kila kijiti kilipoingia ardhini alinyamaza, akangoja, halafu akaendelea kunieleza.

Nilipobakiza firigisi peke yake, nilitaka kusema. Nilikuwa na maneno ya kweli: kwamba nitakwenda kwa wale wanaume Kasongo, kwamba nitazungumza na shehe, kwamba kuna njia, kwamba asiogope. Nilikuwa nimefungua kinywa. Alichukua firigisi ya kwanza kwa vidole vyake mwenyewe, akanitia mdomoni.

"Tafuna kwanza," alisema.

Nilizitafuna zote tatu. Alisubiri nikimeza. Kisha akasimama, akanyoosha mkono kwenye nyasi za paa, akashusha kile kisu kilichofungwa kitambaa cheupe, akakiweka mapajani mwangu pamoja na kitambaa chake, kwa sababu yeye hakuwa na kazi nacho tena.